Somo la Familia: Saksafoni ya Kwanza kwa Mtu Mzima



Katika miezi ya karibuni tumeulizwa swali moja na watu watatu hapa Kabezi. Wa kwanza ni baba anayevua ndagala usiku na kuimba besi siku ya Jumapili. Wa pili ni mama mjane anayeuza mawese yatokayo Rumonge. Wa tatu ni mwalimu aliyezoea kusikia matarumbeta ya makanisa ya Kigoma alipokuwa mkimbizi kule Tanzania. Wote wamevuka miaka 35, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika chombo cha kupuliza. Wameuliza hivi: "Nataka kujifunza saksafoni. Ninunue ipi, na nitoe kiasi gani?"

Kabla ya kuwajibu, inatupasa kusema kosa letu wenyewe. Sisi wa kamati ya uimbaji tulichanga pesa kwa miezi 11 tukanunua saksafoni mpya kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Ilikuwa inang'aa kama dhahabu, nasi tukaipenda kwa macho. Hakuna mmoja wetu aliyejua kuipiga, wala hatukumchukua mtu anayejua. Kabla mwezi wa tatu haujaisha, vibonyezo viwili vilikuwa vimepinda na sauti za chini zilikuwa zimekataa kabisa. Fundi aliyeiona alitikisa kichwa, akasema chuma chake ni laini mno: ukikinyoosha leo, kesho kimepinda tena. Mpaka leo imo sandukuni. Mama mmoja wa kanisa alituuliza kwa upole: "Wanangu, hizo pesa zilikuwa karo ya mtoto wa nani?" Hatukuwa na jibu.

Kwa ajili ya swali lile tumeandika somo hili. Tunataka atakayenunua baada yetu anunue kwa akili. Katika Luka 14:28 Bwana anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Na tuketi, tuhesabu.

1. Saksafoni ni chombo cha namna gani?

Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi Mbelgiji aliyezaliwa katika mji wa Dinant mwaka 1814. Alipata hati ya ubunifu wake huko Paris mwaka 1846. Alitaka chombo chenye sauti kubwa kama ya tarumbeta, lakini chenye wepesi wa vidole kama klarineti.

Mwili wake ni wa shaba ya njano, lakini sauti haianzi kwenye shaba. Inaanza kwenye kipande chembamba cha mwanzi, ambacho hapa tutakiita ulimi. Wenye kutumia Kifaransa mjini Bujumbura hukiita anshi. Ulimi hufungwa kwa pete juu ya kinywa cha kupulizia. Mtu akipuliza, ulimi hutetemeka, na hewa iliyo ndani ya mwili wa chombo hutetemeka pamoja nao. Vidole hubonyeza vibonyezo, navyo hufungua na kufunga matundu. Kila tundu lina kifuniko, na chini ya kifuniko kuna pedi ndogo ya ngozi inayozuia hewa isitoke.

Mkiyaelewa hayo, mmeelewa mahali saksafoni inapougulia. Ulimi huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Pedi hukauka, hupasuka na kuvujisha hewa. Vibonyezo na fito zake hupinda chombo kikianguka. Kwa hiyo mnunuzi mwenye hekima huuliza maswali matatu kabla ya kuuliza bei: Ndimi nitazipata wapi? Fundi wangu ni nani? Na chuma hiki kikipinda, kitanyooka na kubaki kimenyooka?

2. Saizi ipi inamfaa anayeanza?

Saksafoni ni jamaa yenye ndugu wengi, lakini wanaoonekana zaidi ni wanne: soprano, alto, tena na baritoni. Soprano ni ndogo na huwadanganya watu kwa udogo wake, kwa maana ni ngumu kuiweka katika sauti sahihi. Baritoni ni kubwa, nzito na ghali. Kwa hiyo anayeanza huchagua kati ya alto na tena.

Sisi tunawashauri wengi waanze na alto, na sababu zetu ni hizi. Ina uzito wa kilo 2 na nusu hivi, hali tena hufika kilo 3 na nusu. Vidole havinyooshwi sana. Haidai pumzi nyingi kama tena. Ndimi zake ni za bei nafuu kidogo. Tena, zilizotumika zinapatikana kwa wingi zaidi, na vitabu vingi vya wanaoanza vimeandikwa kwa ajili yake. Mtu akiijua alto, vidole vyake vimekwisha kujua tena pia, maana mpangilio wa vibonyezo ni ule ule.

Lakini baba mwenye mwili mkubwa anayependa sauti nzito, iliyo karibu na sauti ya mwanamume anayeimba, asizuiwe. Akiipata tena nzuri kwa bei nzuri, na aichukue.

3. Jambo linalowashangaza wengi: kinanda na saksafoni

Tulipoijaribu saksafoni yetu mara ya kwanza pamoja na kinanda, tulifikiri imeharibika. Mpiga kinanda alipiga Do, saksafoni ikapiga Do, na sauti mbili zikagombana. Chombo hakikuwa na kosa hapo. Alto imetengenezwa katika Mi bemoli, na tena katika Si bemoli. Do ya alto inasikika kama Mi bemoli ya kinanda. Do ya tena inasikika kama Si bemoli ya kinanda.

Basi wapigaji wa kwaya zetu wakumbuke hesabu hii ndogo. Kinanda kikiwa katika Do, alto hupiga katika La, na tena katika Re. Kinanda kikiwa katika Fa, alto hupiga katika Re, na tena katika Sol. Kinanda kikiwa katika Sol, alto hupiga katika Mi, na tena katika La. Kinanda kikiwa katika Si bemoli, alto hupiga katika Sol, na tena katika Do.

Mngeweza kuandika haya kwenye karatasi na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Asiyejua hesabu hii anaweza kuirudisha saksafoni nzuri dukani, au kuiuza kwa hasara, akidhani ni mbovu.

4. Njia tatu za kununua

Bei tunazozitaja ni za dola, kwa kuwa wauzaji wengi wa vyombo hivi huhesabu kwa dola. Ni makadirio ya kuwasaidia kupanga. Kabla ya kukubali bei, ulizeni dola inabadilishwa kwa faranga ngapi siku hiyo hiyo.

Njia ya kwanza ni saksafoni mpya ya bei ya chini sana, isiyo na jina linalojulikana. Nyingi huuzwa kati ya dola 200 na 400. Ziko zinazofaa, lakini kuzitofautisha na zisizofaa kunahitaji jicho la mpigaji mzoefu. Nyingine zina chuma laini, na vipuri vyake havilingani na vya chombo kingine chochote. Mafundi wengine hukataa kuzigusa, kwa sababu kazi ya kuzitengeneza inapita thamani yake. Njia hii ndiyo tuliyopita sisi.

Njia ya pili ni saksafoni iliyotumika, ya mtengenezaji anayejulikana, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Mfano unaojulikana sana ni alto ya Yamaha ya Japani: modeli ya zamani iitwayo YAS-23, iliyofuatwa na YAS-275 na baadaye YAS-280. YAS-23 iliyotumika na iliyo hai huuzwa mara nyingi kati ya dola 400 na 800. Zipo pia Jupiter za Taiwani, na Bundy zilizotengenezwa na Selmer ya Marekani kwa ajili ya shule. Vyombo hivi viliundwa vishikwe na watoto wa shule, viangushwe na kutengenezwa tena. Fundi anavijua. Vipuri vyake vipo. Na kama mtu akishindwa kujifunza, anaweza kuiuza na kurudishiwa sehemu kubwa ya pesa yake.

Njia ya tatu ni kununua mpya ya mtengenezaji huyo anayejulikana. YAS-280 mpya hupita dola 1,000. Ni chombo kizuri, lakini kwa familia iliyo katika makazi ya waliohama ni mzigo mkubwa, nasi hatumshauri mtu mmoja kuubeba peke yake.

Kwa anayeanza, tunaona njia ya pili ndiyo bora. Ni afadhali chombo cha miaka 25 chenye mikwaruzo, ambacho fundi amekipitia, kuliko kipya kinachong'aa ambacho hakuna awezaye kukiponya. Rangi ya juu ikibanduka haidhuru sauti. Pedi inayovuja huiua sauti, hata kama chombo kinang'aa namna gani.

5. Bei ya chombo si bei yote

Mtu akiwa na dola 400, asinunue saksafoni ya dola 400. Kuna vitu vinavyofuata nyuma yake.

Sanduku dogo la ndimi 10 za alto hugharimu dola 25 hadi 35. Ndimi hupimwa ugumu kwa namba. Anayeanza atumie namba 2 au 2 na nusu, asijionyeshe kwa kuchukua 3. Ulimi mmoja hudumu wiki chache tu kwa mtu anayefanya mazoezi kila siku. Kuna pia ndimi za plastiki. Ulimi mmoja wa namna hiyo huweza kugharimu karibu sawa na sanduku zima la zile za mwanzi, lakini hudumu miezi mingi na hauharibiki kwa unyevu wala kukauka. Kwa sisi tunaokaa mbali na duka la ndimi, ulimi mmoja wa plastiki uliowekwa akiba ni jambo la busara.

Msijaribu kuchonga ulimi kwa matete yaotayo kando ya ziwa. Mwanzi unaotumiwa ni wa aina nyingine, na unaosifiwa sana hulimwa katika jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, ukakaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa.

Kinywa cha kupulizia kinachokuja na saksafoni ya bei ya chini mara nyingi ni kibaya. Kile cha Yamaha kiitwacho 4C hupatikana kwa dola 25 hadi 40, na wanaoanza wengi hukitumia bila shida. Kukibadilisha kwaweza kukiokoa chombo kilichodharauliwa. Kisha kuna mkanda wa shingoni, kitambaa cha kufutia ndani na mafuta maalumu ya kulainisha kizibo cha shingo. Hivi vyote pamoja na ndimi havipungui dola 80.

Mwisho, wekeni akiba kwa ajili ya fundi. Sisi tumekubaliana kwamba sehemu moja ya tano ya pesa yote isiguswe siku ya kununua. Saksafoni iliyotumika karibu kila mara itahitaji pedi mbili tatu mpya. Lakini kubadilisha pedi zote, ambazo katika alto zinazidi 20, ni gharama kubwa inayoweza kushinda bei ya chombo chenyewe.

6. Mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Nendeni watu wawili, na mmoja wao awe anajua kupiga. Kama mpigaji hapatikani siku hiyo, rudini siku nyingine. Muuzaji anayesema "ni leo tu" mwacheni na leo yake.

(a) Tazameni shingo kwa upande. Mzunguko wake uwe laini. Kama imeshuka au imebonyea upande wa chini, chombo kiliwahi kulazimishwa au kuanguka.

(b) Ingizeni shingo katika mwili na kukaza skrubu yake. Isicheze wala kuyumba.

(c) Tazameni fito ndefu zilizo kando ya mwili. Ziwe zimenyooka. Bonyezeni kila kibonyezo: kishuke na kurudi upesi, bila kelele nyingi za chuma. Mkiona mpira wa kufungia pesa umewekwa badala ya springi, jueni kuna kazi ya fundi.

(d) Tazameni pedi. Ngozi ikiwa ngumu, nyeusi au imepasuka, pedi hiyo imekwisha.

(e) Ingieni chumba chenye giza, mteremshe taa ndogo ndani ya mwili wa saksafoni, kisha mfunge vifuniko polepole. Mwanga ukipenya pembeni mwa pedi iliyofungwa, hewa nayo itapenya.

(f) Mpigaji ashuke kutoka sauti za juu hadi ya chini kabisa, kwa pumzi ya upole. Sauti za chini zikitoka bila kulazimishwa, chombo hakivuji sana. Zikitoka kwa nguvu tu, au zikiruka juu zenyewe, kuna uvujaji.

(g) Nusani ndani ya sanduku. Harufu ya ukungu huonyesha kwamba chombo kilikaa mahali penye maji. Baada ya maji ya ziwa kupanda na kufunika nyumba nyingi za pwani hii mwaka 2024, jambo hili lisipuuzwe.

(h) Andikeni namba iliyochongwa kwenye mwili, na mpewe karatasi ya mauzo yenye namba hiyo, jina la muuzaji na tarehe. Saksafoni zilizoibwa nazo huuzwa. Mkristo asinunue kilio cha mwenzake.

7. Itapatikana wapi?

Kutoka hapa, Bujumbura ndiyo sokoni kwetu, kwa barabara ya taifa namba 3 iliyo kando ya ziwa. Anzeni kwa kuuliza watu, kisha muende dukani. Wapigaji wa makanisa ya mjini na wa fanfari hujua nani anauza chombo chake, na fundi gani ana mkono mzuri. Mtaa wa Buyenzi una mafundi wengi wa chuma wanaosema Kiswahili, lakini anayeunga bomba la gari si lazima awe fundi wa saksafoni. Mwombeni awaonyeshe chombo alichokwisha kutengeneza.

Wako wenye jamaa Kigoma au Dar es Salaam. Chombo kinaweza kuja kwa njia hiyo, lakini ulizeni ushuru kwanza katika ofisi ya mapato, OBR, kabla mzigo haujaanza safari. Kwa wenye jamaa upande wa Kongo, mnajua wenyewe kwamba tangu vita kufika Bukavu mwezi wa Februari 2025, njia ya Uvira haitabiriki. Asitume mtu pesa wala chombo kwa njia ambayo yeye mwenyewe asingeipita.

Na wenye ndugu Ulaya au Marekani, msiwaombe "saksafoni" tu. Waandikieni: alto, iliyotumika, ya mtengenezaji fulani, iliyopitiwa na fundi wa huko kabla ya kutumwa. Kazi ya fundi ikifanyika huko, sisi huku tutapata amani.

8. Na asiye na pesa hizo?

Huyu ndiye wengi wetu. Asikate tamaa, maana kuna milango midogo.

Mlango wa kwanza ni filimbi ya plastiki ile wanayofundishiwa watoto wa shule. Yamaha hutengeneza moja isiyozidi sana dola 10. Vidole vyake vinafanana kwa sehemu kubwa na vya saksafoni, na mtu hujifunza kusoma noti, kuhesabu mapigo na kugawa pumzi. Aliyefanya miezi sita ya filimbi kwa bidii hataanza saksafoni kama mgeni. Na aliyechoka na filimbi baada ya wiki tatu amejiokolea dola 400.

Mlango wa pili ni chombo cha plastiki kiitwacho Venova, ambacho Yamaha walikitoa mwaka 2017. Kina ulimi na kinywa kama vya saksafoni ya soprano, kinaoshwa kwa maji, na bei yake ni kama dola 100. Tena kiko katika Do, hivyo kinapatana na kinanda bila hesabu ile ya sehemu ya 3. Sauti yake haijafikia ya saksafoni, lakini midomo na pumzi hujifunza kazi ile ile.

Mlango wa tatu ni kununua pamoja. Watu 10 wakiweka faranga 2,000 kila wiki, kama wanavyofanya katika vikundi vya kuweka na kukopa, watakuwa na faranga 20,000 kwa wiki, na 1,040,000 kwa mwaka. Kila mmoja awe na kinywa chake cha kupulizia na ulimi wake, kwa ajili ya afya, lakini mwili wa saksafoni uwe wa wote, kwa zamu zilizoandikwa.

9. Kuitunza kando ya ziwa

Hewa yetu ni ya joto na unyevu, na wengi tunalala chini ya mabati au turubai. Kwa hiyo: kila baada ya kupiga, ulimi utolewe, ufutwe na kuwekwa mahali pakavu. Kitambaa kipitishwe ndani ya mwili na shingo. Sanduku lisiwekwe juani, wala chini sakafuni mvua inapoweza kuingia. Liwekwe juu, mbali na panya, maana ngozi ya pedi huwavuta.

Msipake mawese wala mafuta ya kupikia mahali popote. Hukamata vumbi, huchacha, na pedi hunata. Pedi ikinata, weka karatasi nyembamba safi chini yake, funga kwa upole, kisha fungua na kuitoa karatasi. Kizibo cha shingo kipakwe mafuta yake maalumu, kidogo tu.

Anayepiga asiwe ametoka kula ndizi au kunywa soda. Asukutue maji kwanza. Sukari huziharibu pedi kuliko muziki.

10. Je, mtu mzima aweza kujifunza?

Aweza. Manu Dibango wa Kameruni, aliyezaliwa Douala mwaka 1933, alianza kuujua muziki katika kanisa la Kiprotestanti ambako mama yake aliongoza kwaya. Saksafoni aliipata baadaye akiwa Ulaya. Katika miaka ya 1960 alipiga pamoja na African Jazz ya Joseph Kabasele huko Kongo, na wazee wetu waliosikiliza redio ya Leopoldville wanaikumbuka sauti ile. Aliendelea kupiga hata uzeeni, mpaka alipofariki mwaka 2020. Fela Kuti wa Nijeria alikuwa mpiga tarumbeta na kinanda. Mpiga saksafoni wake alipoondoka mwaka 1973, alishika saksafoni yeye mwenyewe akiwa na miaka 34 hivi. Hatusemi tuige maisha ya mtu yeyote. Tunasema tu kwamba vidole vya mtu mzima havijafa.

Mtu mzima ana shida moja: anataka wimbo mzima wiki ya kwanza. Afanye dakika 20 kila siku, na mwezi wa kwanza uwe wa sauti ndefu tu, akipuliza noti moja mpaka isitetemeke. Midomo itauma. Majirani watalalamika. Baba yule mvuvi alituambia atakwenda kufanyia mazoezi ufukweni kabla ya mitumbwi kurudi, nasi tukaona ni shauri jema. Ila asikisahau chombo mchangani.

11. Neno kwa baba na mama wa nyumba

Mwisho tunarudi kwa yule mama na swali lake. Saksafoni isinunuliwe kwa kuuza chakula cha msaada, wala mbegu, wala karo. Isinunuliwe kwa mkopo. Isinunuliwe na mume bila mke kujua, wala na mke bila mume kujua. Ikinunuliwa kwa mchango, iandikwe ni mali ya nani, inalala kwa nani, na itakwenda na nani siku tutakapohama. Sisi tumehama mara nyingi, na tunajua jinsi vitu vya wote vinavyopotea siku ile. Alto katika sanduku lake mtu mmoja aweza kuibeba mgongoni. Lakini mgongo huo huenda unangojewa na mtoto. Amueni mapema, ili siku ile pasiwe na ugomvi.

Kuhusu saksafoni yetu iliyo sandukuni, tumekubaliana hivi. Hatutamuuzia mtu asiyejua hali yake. Kinywa, mkanda na sanduku vitatumika kwa chombo kitakachofuata. Mwili wake utatumika kufundishia sehemu (a) hadi (f) za ukaguzi, kwa maana karibu kila kosa tuliloliandika hapa linaonekana juu yake. Tumeanza kuchanga upya, na yule mama ndiye tuliyemwomba ashike daftari la pesa. Amekubali, kwa sharti kwamba hatutanunua chochote kabla ya mpigaji kukikagua.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Katika nyumba yetu, ni mahitaji gani ambayo hayapaswi kuguswa kwa ajili ya chombo cha muziki?
2. Kama tuna dola 400, tutagawaje kati ya chombo, ndimi na akiba ya fundi?
3. Nani katika kanisa letu au la jirani anaweza kwenda nasi kukagua?
4. Je, mwenye hamu ya kujifunza yuko tayari kuanza na filimbi kwa miezi sita?
5. Tukinunua pamoja, karatasi yetu ya makubaliano itasema nini siku mmoja wetu akirudi kwao?

Wenye swali, au wenye chombo wanachotaka kikaguliwe, waje kwa kamati ya uimbaji baada ya ibada. Bwana awalinde ninyi na watoto wenu.